Unene wa mstari

Nimepima ardhi kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na sentensi iliyonilisha muda wote huo ni moja: mpaka hauna unene. Bikoni, lile jiwe la alama ya mpaka, ina upana, ukuta una upana, wino wa kwenye ramani una upana, lakini mpaka wenyewe ni mstari mtupu. Huku kwako, huku kwangu, katikati hamna kitu. Nimewahi kuwatuliza kwa maneno hayo ndugu wa tumbo moja walioshikiana mapanga. Oktoba 2019 nikaenda Yerusalemu kuhiji na wenzangu wa kanisani, na mji ule ukaniharibia sentensi yangu.

Wenzangu walibeba Biblia na vichupa vya kutilia maji ya Yordani. Mimi pia nilibeba Biblia, msinifikirie vibaya, ila mfukoni nilikuwa na tepu ya mita tano. Mazoea hayo.

Tulipofika uani pa Kanisa la Kaburi Takatifu kila mtu alikimbilia mlangoni. Mimi nikabaki nimeinua shingo. Juu ya mlango, chini ya dirisha la kulia, kuna ngazi ndogo ya mbao imeegemezwa ukutani, kama vile fundi kashuka kunywa chai na sasa hivi atarudi. Hajarudi. Ngazi hiyo imo hata kwenye michoro ya karne ya 18.

Kisa chake ni hiki. Kanisa lile ni la jumuiya sita: Waorthodoksi wa Kigiriki, Wakatoliki, Waarmenia, Wakopti, Wasiria na Waethiopia. Waligombania kila nguzo, kila taa, kila saa ya kufagia, hadi masultani wa Kiosmani, Waturuki waliotawala mji enzi hizo, wakatoa amri, mwaka 1757 na tena 1852: kila kitu kibaki kilivyo. Anayehamisha kitu amedai, na anayenyamaza kikihamishwa ameachia. Mpimaji yeyote analijua hilo. Jirani yako hapandi mgomba mmoja ng'ambo ya mpaka kwa sababu ya njaa. Kwa hiyo ngazi ikakaa. Mwaka 1997 mtu mmoja aliiondoa na kuificha, ikatafutwa ikapatikana, ikarudishwa palepale.

Ufunguo wa mlango mkuu wanao Waislamu. Familia ya Joudeh inautunza, familia ya Nuseibeh inafungua na kufunga, na imekuwa hivyo kwa karne nyingi. Mke wangu alisema ni aibu kwa Wakristo. Mimi niliona ni busara kuliko zote mjini mle: ukiwa na wadai sita, hati mpe wa saba aitunze.

Juu ya paa la kanisa hilohilo wanaishi watawa wa Ethiopia katika vijumba vya udongo. Tuliwakuta wanaota jua. Wakopti wanasema paa ni lao, Waethiopia wanasema ni lao, na mwaka 2002 mtawa wa Kikopti aliyekuwa akikaa pale kushika zamu ya madai alisogeza kiti chake kutoka juani kwenda kivulini. Kiti kimoja, hatua chache tu. Wakapigana mpaka watu 11 wakaenda hospitali. Wenzangu walicheka waliposikia. Mimi sikucheka, nimeshaona watu wakiuana kwa kivuli cha mwembe.

Siku ya pili tulipanda kwenye eneo ambalo Waislamu wanaliita Al-Aqsa lote, pamoja na Kuba ya Mwamba ya mwaka 691, na Wayahudi wanaliita Mlima wa Hekalu. Ni kama hekta 14. Sisi tusio Waislamu tuna lango letu moja tu, la Maghariba, tunapandia daraja la mbao. Biblia tuliziacha kwenye basi, kwa kuwa mgeni aliruhusiwa kutembea huko juu lakini si kusali. Uendeshaji wa mle ndani uko mikononi mwa Wakfu, taasisi ya Kiislamu iliyo chini ya nchi ya Yordani, ulinzi wa malangoni uko kwa polisi wa Israeli. Nikiwa darajani niliona chini kushoto Wayahudi wameweka vipaji vya nyuso zao kwenye mawe ya Ukuta wa Magharibi, unaoshikilia eneo hilo, na juu ya ukuta huohuo Waislamu wanakwenda kuswali adhuhuri. Hapo taaluma yangu iligota. Ramani ya kiwanja haina ghorofa. Ukuta mmoja, chini una mwenyewe na juu una mwenyewe, na huko chini zaidi kuna handaki. Septemba 1996 serikali ya Israeli ilifungua mlango wa kutokea wa handaki linalopita kando ya ukuta. Mlango tu. Zikazuka ghasia zilizoua watu kwa makumi.

Dereva wetu alikuwa Mpalestina wa mjini hapo, mtu wa makamo, ananiita Haji ingawa mimi ni Mlutheri. Nilipomwambia kazi yangu akanikalisha kiti cha mbele siku zote zilizobaki. Yeye si raia wa Israeli. Ana kibali cha ukaazi wa kudumu, kama Wapalestina wengi wa Yerusalemu Mashariki, na akihama akaonekana maisha yake yako kwingine kinaweza kufutwa. "Nyie mnaokuja wiki moja," aliniambia, "mnaingia kwa urahisi kuliko mimi nikichelewa kurudi nyumbani kwangu."

Nilimuuliza mipaka ya mji. Tukiwa Mlima wa Mizeituni akasimamisha basi, akanyoosha kidole. Wakati wa utawala wa Yordani, kabla ya vita vya Juni 1967, manispaa ya upande wa mashariki ilikuwa na kilomita za mraba kama sita. Israeli ilipouteka ikaongeza kwenye mji kama 70, ikimeza mashamba ya vijiji 28. Mwaka 1980 ikatunga sheria kuwa mji wote ni makao makuu yake, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaikataa kwa azimio namba 478. Marekani ikahamishia ubalozi wake huko Mei 2018. Wapalestina nao wanautaka upande wa mashariki uwe makao makuu yao. Hayo mnayasikia kwenye redio. Yasiyosemwa redioni ndiyo niliyoyauliza mimi: hati ziko wapi? Ardhi kubwa ya upande ule haijasajiliwa. Usajili uliokuwa ukiendeshwa na Yordani ulisimamishwa 1967, na Israeli iliufufua 2018 kwa masharti yake. Umoja wa Mataifa unasema asilimia 13 tu ya Yerusalemu Mashariki imetengwa Wapalestina wajenge, nayo imeshajaa. Ukijenga bila kibali, tingatinga. Dereva alisema mwanawe ameoa na bado wanalala kwake sebuleni.

Lakini lililoninyima usingizi ni mstari. Tarehe 30 Novemba 1948 makamanda wawili, Moshe Dayan wa Israeli na Abdullah el-Tell wa Yordani, walikutana kusimamisha vita vya mjini. Wakachukua ramani ya skeli ya 1:20,000, yaani milimita moja ya karatasi ni mita 20 za ardhi, kila mmoja akachora mstari wa mbele wa askari wake kwa penseli nene ya nta. Kati ya mistari hiyo pakawa si pa mtu. Mwaka uliofuata, Aprili, mchoro ule wa wakati wa vita ukaingia kwenye mkataba kama mpaka wa kusitisha mapigano.

Penseli ya nta inaacha alama ya milimita tatu, nne. Piga hesabu: milimita tatu mara 20,000 ni mita 60. Ndani ya wino mna barabara, mna nyumba, mna vitanda vya watu. Waliokuwa chini ya wino walikaa miaka 19 wakibishaniwa wako nchi gani. Mwanafunzi wangu angeniletea ramani ile ningemrudishia usoni.

Jioni ya mwisho nilitoka peke yangu Lango la Dameski, nikafuata reli ya treni ya mjini kuelekea kaskazini, kwa sababu barabara ile imepita karibu na mstari wa zamani. Hakuna jiwe, hakuna bikoni. Kituoni walikuwepo msichana wa hijabu na kijana mwenye kofia nyeusi, kila mmoja na simu yake. Hatua yangu ni sentimita 75, nimeizoeza tangu chuo, basi mita 60 ni hatua 80. Nikaanza kuhesabu.

Nilikuwa hatua ya 53 kijana mwenye bunduki aliponisimamisha, akaniuliza kwa upole kama nimepoteza kitu.

"Hapana, napima."

"Unapima nini?"

Tukaangalia chini wote wawili. Lami, kipande cha sigara, kivuli chake na changu.

"Mstari," nikasema.

Akaomba pasipoti.