Slipa klachi kwenye SV650 ya 2003: nimefungua, nimepima

Nimerudi kwenye pikipiki yangu ya Suzuki SV650, ile ya injekta, na kilichokuwa kimebaki kwenye orodha ni slipa klachi, yaani klachi inayoteleza yenyewe tairi la nyuma likitaka kuizungusha injini kwa nguvu. Wadau wananiambia we weka tu utaona raha. Sawa, ila raha yenyewe ukijumlisha bei, usafiri na ushuru inakula karibu nusu ya thamani ya chombo kizima, kwa hiyo nikasema ngoja kwanza nijue nanunua nini.

Tatizo lenyewe wenye V-twin wanalijua. Silinda mbili zimekaa nyuzi 90, cc 645, ukifunga gesi injini inakuvuta nyuma balaa, sasa ukishusha gia mbili harakaharaka huku umebana breki ya mbele, uzito wote umeenda mbele, tairi la nyuma jepesi, linaanza kurukaruka na mkia unataka kwenda pembeni. Slipa inatibu hapo. Habu yake, yaani kitovu cha ndani kinachoshikwa na pleti, ina sehemu mbili zenye miteremko inayokutana, tairi likitaka kuizungusha injini kwa nguvu ile miteremko inapandiana, inasukuma pleti ya kubana nje kidogo, klachi inateleza mpaka spidi ya tairi na ya injini zilingane. Wala si kitu kipya, Honda VF750F ya 1983 ilikuwa na klachi ya kufanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine, na Suzuki wenyewe waliiwekea TL1000S ya 1997, hii ndogo wakainyima. Baadaye hata Ninja 300, pikipiki ndogo ya Kawasaki, ilitoka nayo kiwandani.

Basi nikafungua klachi niliyonayo. Kava ya kulia, pikipiki imelalia stendi ya pembeni kwa hiyo oili inabaki upande wa kushoto. Pleti za msuguano nimezipima kwa venia, hazijaisha, ila pleti mbili za chuma zimeshabadilika rangi kuwa bluu, yaani ziliungua. Utamu uko kwenye basketi, ile bakuli ya nje inayobeba pleti: ukipitisha ukucha kwenye vidole vyake unakwama, kuna vishimo ambavyo pleti zimechonga miaka yote hii. Pleti ikikaa kwenye kishimo haitelezi vizuri, klachi inashika kwa kudaka badala ya kushika taratibu, na kudaka huko ndiko kunakolipiga teke tairi la nyuma ukiachia lever! Nimepiga tupa laini kidogokidogo mpaka ukucha ukapita, si kwa pupa maana ile ni aluminiamu. Pleti mpya zimelala kwenye oili usiku kucha, springi mpya, na oili ya JASO MA, kiwango cha oili za pikipiki ambazo klachi yake inakaa ndani ya oili, achaneni na oili za magari zenye dawa ya kulainisha, klachi ya kwenye oili haizipendi.

Nikavua na tairi la nyuma. Raba za habu ya tairi, zile zinazomeza mshtuko kati ya sproketi na tairi, zimekauka kama soli ya kandambili, sproketi inacheza mkononi. Zimebadilishwa.

Majaribio nimefanya mlima Kitonga, kule Iringa, kupanda na kushuka. Kurukaruka kumepungua sana, na nikipiga gesi kidogo wakati wa kushusha gia hakuna kabisa. Na pale mteremkoni nyuma ya malori mimi nataka injini inishike, sitaki kitu cha kuilegeza. Kweli slipa nzuri haiondoi breki ya injini yote, inategemea springi zimepangwaje, lakini kwa barabara zetu sioni kwa nini nilipie kupunguza kitu ninachokitumia kila safari. Halafu kuna hili watu hawalisemi, kustua kwa kusukuma. Betri ikizima pale Ruaha Mbuyuni unasukuma, unaweka gia ya pili, unaachia klachi, tairi linaamsha injini. Sasa tairi kuizungusha injini kwa nguvu ndicho hasa slipa imetengenezwa kukipunguza, itawaka kwa shida. Chombo cha zamani chenye nyaya za zamani, hapana.

Anayekimbia kwenye sakiti aweke, na mwenye pikipiki inayokubali slipa ya kiwandani ya modeli mpya kwa bei ya spea ya kawaida aweke pia, sina ugomvi. Mimi hela inaenda kwenye shokapu ya nyuma, hii iliyopo imechoka, ukiikandamiza inarudi juu kama springi tupu, na hata huko kurukaruka kulikobaki nadhani nusu ni yake. Nikiipata nitapima tena palepale Kitonga, kwa gia zilezile.