Woga Uko Kwenye Bei: Kusoma Jedwali la Opsheni za Fahirisi

Katika chama chetu cha uwekezaji hapa Kisumu, kila soko la Marekani linapoyumba, mwenzetu mmoja hututumia kwenye WhatsApp picha ya jedwali la opsheni (mikataba inayompa mnunuzi haki, si wajibu, ya kununua au kuuza kwa bei iliyopangwa mapema) za fahirisi ya S&P 500, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, safu ya opsheni za kuuza akiwa ameizungushia duara jekundu, kisha huandika kwamba wawekezaji wakubwa wameshakimbia. Wawili watatu huingiwa na hofu, mmoja huuliza kama auze hisa zake za Safaricom, na mjadala huisha bila mtu yeyote kutazama bei.

Jedwali lenyewe si gumu. Katikati zimepangwa bei za utekelezaji, yaani bei ambazo opsheni inampa mnunuzi haki ya kununua au kuuza. Upande mmoja zipo opsheni za kununua, upande wa pili za kuuza, na mbele ya kila moja huonyeshwa primiamu (bei ya opsheni yenyewe), idadi ya mikataba iliyobadilishana mikono siku hiyo, na mikataba ambayo bado haijafungwa. Safu hii ya mwisho ndiyo hupotosha wengi. Kila mkataba una mnunuzi na muuzaji, hivyo wingi wa opsheni za kuuza hauonyeshi ni nani kati yao aliyekuwa na haraka. Isitoshe, katika S&P 500 opsheni za kuuza kwa kawaida huzidi zile za kununua, kwa sababu wasimamizi wa mifuko mikubwa hujikinga nazo dhidi ya bei kushuka mwaka mzima, soko liwe shwari au chafu. Mwenye duka katika soko la Kibuye hakati bima ya moto kwa sababu ameona moshi. Lakini bima ikipanda ghafla kwa maduka yote, hapo pana jambo.

Tuseme fahirisi iko 5,000 na zimebaki siku 30 kabla ya opsheni kuisha. Opsheni ya kununua ya 5,000 inauzwa kwa pointi 75 na ya kuuza kwa 70. Jumla yake, 145, ni asilimia 2.9 ya fahirisi, na hicho ni kipimo cha haraka cha mwendo ambao soko linautarajia, uwe wa kupanda au wa kushuka. Sasa sogea asilimia 5 kila upande. Ya kuuza ya 4,750 ina bei ya 18, ya kununua ya 5,250 ina bei ya 4. Kwa kuwa kila pointi katika mkataba wa SPX (opsheni ya S&P 500) ni dola 100, kinga dhidi ya kushuka inagharimu dola 1,800, na tumaini la kupanda kwa umbali uleule dola 400. Pengo hilo peke yake si habari, kwani limekuwa sura ya kawaida ya opsheni za fahirisi tangu Oktoba 19, 1987, siku ambayo Dow Jones, fahirisi nyingine ya hisa za Marekani, ilianguka kwa asilimia 22.6. Habari ni pale 18 inapokuwa 30 ilhali fahirisi yenyewe haijasogea.

Hata hivyo, kupima woga si kutabiri. VIX, kipimo cha misukosuko inayotarajiwa ambacho Cboe, soko la opsheni la Chicago, hukikokotoa kutokana na bei za opsheni hizihizi, ilifunga kwa 82.69 mnamo Machi 16, 2020; juma moja baadaye, Machi 23, S&P 500 ilifikia kina chake, kisha ikaanza kupanda. Aliyeuza kwa sababu ya kipimo kile aliuza karibu na sakafu. Na kwa mwenye hisa za Safaricom, woga huo ni wa soko jingine kabisa. Soko la NEXT la Soko la Hisa la Nairobi (NSE) lilianza Julai 2019 kwa mikataba ya fyucha (makubaliano ya kununua au kuuza baadaye kwa bei iliyowekwa leo), ukiwamo wa NSE 25, fahirisi ya hisa za soko hilo, na fyucha huwa na bei moja kwa kila tarehe ya kuisha. Haiwezi kukuonyesha kinga inazidi tumaini kwa kiasi gani.

Anayetaka kujaribu mwenyewe angoje New York ifunguliwe, saa kumi na nusu jioni kwetu, au saa kumi na moja na nusu majira ya baridi yao, kwa kuwa bei za kabla ya hapo huwa na pengo pana kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji. Aziache opsheni zinazoisha siku hiyohiyo: nyingi hufunguliwa na kufungwa kabla ya jioni, huvimbisha idadi ya biashara, na hazisemi lolote kuhusu mwezi ujao. Achague zinazoisha Ijumaa ya tatu ya mwezi, na alinganishe bei za leo na za juma lililopita kwa umbali uleule kutoka kwenye fahirisi.