Injini ambayo haijawahi kufunguliwa

Tangu Jumatano kuna maneno yananizunguka kichwani kama nzi aliyefungiwa darasani, nami nimeona heri niyaandike, huenda yakatulia. Mzee Fundi wa gereji aliniuliza, "Mwalimu, kwani gari hili ni lako au ni la mzee?" Nikamjibu, "Ni langu." Akasema, "Haya." Kisha akaendelea kufuta mikono kwa kile kitambaa chake ambacho ni kichafu kuliko mikono yenyewe.

Hapakuwa na ukali wowote. Wiki hiyohiyo Tumaini amejifungua salama, Baba Neema amepata barua yake ya uhamisho aliyoingoja miaka mitatu, na umeme umekatika siku mbili mfululizo, lakini kila ninapoinamia madaftari ya kusahihisha ninachosikia ni ile "haya", neno ambalo kwetu linaweza kuwa idhini, linaweza kuwa kukata tamaa, na likitoka kinywani mwa mtu mzima anayezungumza na mtoto wa rafiki yake linaweza kabisa kuwa ile haya nyingine, ambayo mtoto aliyelelewa vizuri anatarajiwa kuwa nayo.

Gari mnalijua. Ni ile Hilux ya dabo kabini ya 1991, ambayo baba aliinunua ikiwa imeshatumika, ikatusomesha sote kwa viazi vya Uwemba, na mwaka juzi ikambeba yeye mwenyewe kumrudisha hukohuko. Tangu Juni haitaki kuamka. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za kipupwe mnazijua. Nawasha hita plagi, vile vipasha joto vya silinda, mara tatu, stata inalia mpaka majirani wananihurumia, moshi mweupe unajaza ua, na injini ikishapata moto moshi unageuka kuwa wa bluu na kunifuata hadi shuleni. Oili inakwenda lita nzima kwa kila kilomita mia nne hivi. Mwezi Julai nilibadilisha hita plagi zote nne, Agosti nikanunua betri mpya, na nilipokuwa nikilipa nilijijua kuwa ninambadilishia mgonjwa shuka.

Nilijijua kwa sababu jambo hili nalifundisha. Injini ya dizeli haina cheche. Inategemea kwamba hewa ikibanwa kwa haraka hupata joto, kama kila aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli alivyohisi pampu ikimchoma kidole. Katika injini kama hii, silinda moja yenye ujazo wa sentimita za ujazo 695 hivi hubana hewa yake katika nafasi ya takriban 33 tu, joto linapita nyuzi 500, na dizeli ikinyunyiziwa humo inawaka yenyewe. Ringi zinazoizunguka pistoni na kuta za silinda zikilika, hewa inapenya kwenda chini kwenye oili kabla ya kupata joto hilo, na hewa yenyewe, kwa mwinuko wetu huu, tayari ni nyepesi na ni baridi. Kwa hiyo nilikwenda gereji nikiwa na jibu, kama mtu anayekwenda hospitali ili aambiwe amekosea.

Sikuwa nimekosea. Mzee Fundi alifungua nozeli zote nne zinazonyunyizia dizeli, akaweka geji na kusoma kwa sauti, kilo kwa sentimita ya mraba: 26, 25, 17, 24. Kitabu kinasema isipungue 20, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 5. Akamimina oili kidogo katika silinda ya tatu, ili izibe kwa muda pengo la ringi, na kupima upya, ikasoma 23, akatikisa kichwa kwa kuridhika: ni ringi, wala si valvu. Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nilimwambia kwamba kipimo hicho kwenye dizeli kinadanganya, kwa kuwa nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni ndogo mno, na vijiko viwili vya chai vya oili peke yake vinajaza karibu theluthi yake na kuipandisha geji hata kama ringi hazihusiki. Nilisema kweli, lakini naye alikuwa akifungua injini kabla sijazaliwa. Alinitazama kwa muda, akarudisha nozeli, akawasha injini, na bila kusema neno akaugeuza mfuniko wa oili na kuuweka juu ya tundu lake, nao ukarukaruka kama kifuniko cha sufuria ya maharage kwa hewa iliyopenya ringi, huku moshi ukimpiga usoni. Huo ulikuwa ndio mjadala wetu wa kitaaluma. Akaizima, akapangusa sehemu ya bloki kwa mafuta ya taa, akamulika kwa tochi, akaomba kadi ya gari. Akaisoma pande zote mbili. Ndipo akauliza.

Siku tatu nzima nimekuwa nikitunga majibu bora. Ningeweza kusema kwamba ni la familia. Ningeweza kusema ni la mama, maana ndiye aliyeachiwa kila kitu, au ningesema tu kwamba kadi bado ina jina la marehemu, Mungu amrehemu, na kwamba mimi ninalitumia kwa ridhaa ya wenzangu. Badala yake nilisema "ni langu" kwa wepesi wa mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Swali lenyewe haliniumi; linaloniuma ni wepesi huo. Kaka Yusto tangu siku ya arobaini anasema gari liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, nami kila mara nimemzima kwa maneno ya baba mwenyewe, ambayo aliwaambia wageni, mapolisi wa barabarani na hata mchungaji: "Injini hii haijawahi kufunguliwa." Kuifungua, na zaidi kuing'oa, kulikuwa kwangu kama kulifukua kaburi, na nilishuka kutoka gereji nikiamini kwamba Mzee Fundi amesoma yote hayo usoni mwangu na kunihukumu kuwa mwizi wa mirathi.

Ijumaa nilishindwa. Baada ya vipindi nilipanda gereji, tukaamkiana kamwene, kamwene, na kabla sijakaa nikamwuliza, "Mzee wangu, juzi ulipouliza gari ni la nani ulikuwa na maana gani?"

Akacheka mpaka akakohoa. Akaishika kadi karibu na bloki, akamulika. Kwenye kadi injini imeandikwa 2L, sentimita za ujazo 2,446. Kwenye bloki, chini ya uchafu alioupangusa, namba inaanza na 3L, ambayo ni injini ya 2,779.

"Ya kwanza ilikufa 2004," akasema. "Mzee akaleta hii kutoka Dar, nikaifunga mimi mwenyewe hapahapa, siku mbili. Akaniambia mama yako asijue bei. Sasa juzi nilitaka kujua kama ninazungumza na mwenye gari au na mtoto wa mzee. Mwenye gari ningemwambia. Mtoto wa mzee, ningenyamaza."

"Nami nikasema ni langu."

"Ulisema. Lakini sikukuamini."

Nilikaa juu ya tairi kuukuu nikacheka peke yangu, kicheko ambacho sikuwa nimekicheka tangu msiba. Injini haijawahi kufunguliwa: kweli tupu. Ilitolewa nzima, ikawekwa nyingine nzima. Kwa miaka ishirini hivi mzee yule alisimama barabarani mbele ya trafiki akitamka ukweli uliopimwa kwa rula, nami nikaugeuza kuwa amana ya kulinda dhidi ya kaka yangu.

Na ajabu ni kwamba maneno yake ndiyo yaliyoniamulia. Kwa kuwa hii iliyopo kweli haijaguswa, na bolti za hedi, ule mfuniko wa juu ya silinda, hazina hata alama ya spana, silinda zake bado zina kipenyo cha kiwandani cha milimita 96, kwa hiyo zinaweza kuchongwa nusu milimita na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, jambo ambalo lisingekuwa na uhakika kama ingekwishachongwa mara mbili. Mzee Fundi ananitajia milioni mbili na laki sita kwa ovahoo, yaani kuifungua yote na kuifanya upya, pamoja na beringi na gasketi. Injini ya mtumba kutoka Gerezani, Dar, ni milioni nne na nusu kabla ya usafiri, na unaisikiliza dakika tano ikiwa imelazwa sakafuni, imeunganishwa na betri, upepo ukiupeperusha moshi wake kabla hujaujua rangi. Ya kwetu walau ninazijua dhambi zake. Inawezekana krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikakutwa na mikwaruzo, au hedi ikawa na ufa, maana hedi za jamii hii ya injini zinajulikana kwa kupasuka zikichemka, na hapo hesabu yangu yote itavunjika. Hata hivyo nimeamua ifunguliwe, na leo mchana nimemtumia ujumbe, naye hajajibu kwa kuwa Jumapili ni mtu wa kwaya.

Linalobaki ni kadi, nalo ni zito kuliko pistoni zote nne. Namba ya injini haiwezi kurekebishwa Mamlaka ya Mapato wakati mmiliki ni marehemu. Umiliki hauhamishwi bila barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Mahakama itataka muhtasari wa kikao cha ukoo. Na kwenye kikao atakuwepo Yusto, ambaye atauliza ni lini injini ilibadilishwa, na atakuwepo mama, ambaye atauliza kwa shilingi ngapi. Nilimwuliza Mzee Fundi hiyo bei ya 2004. Akasema hiyo ni ya mzee, si yangu.

Nilikusudia kumaliza hapo nikalale, ila nilipoingiza mkono kwenye mfuko wa koti kutafuta kalamu nimegundua kwamba ufunguo wa kabati la maabara haumo. Karatasi za jaribio la Kidato cha Pili ziko ndani ya kabati hilo, jaribio linaanza kesho saa mbili, na sikumbuki hata kidogo kama Ijumaa, kwa haraka ile ya kupanda gereji, nililifunga.