Bia nyeusi ya Portland

Wikendi iliyopita tulishuka Portland kutoka Seattle, masaa matatu barabarani na mvua njia nzima, tukafika na njaa mbaya sana. Jamaa yangu akasema twende Deschutes, baa ya kiwanda cha bia pale mtaa wa Pearl District, hawa walianza kupika bia 1988 mji wa Bend, hukohuko jimbo la Oregon.

Dada wa kaunta alikuwa mkarimu kweli, akaniletea glasi ndogo sita kwenye kibao cha mbao nionje kwanza. Ile bia ya aina ya IPA ni chungu jamani, ule uchungu ni wa hops, maua yanayotiwa kwenye bia, na kule Yakima, jimbo la Washington, ndo zinalimwa kwa wingi, ila mimi nilinasa kwenye bia yao ya Black Butte Porter, nyeusi tii kama kahawa ya kijiweni, povu lake la kahawia linang'ang'ania kwenye glasi, ukimeza unasikia kabisa shayiri iliyokaangwa. Nikaagiza na baga, nyama imeungua kidogo pembeni na juisi inachuruzika mpaka kwenye vidole, nikakumbuka mishikaki ya kwetu Dar. Pilipili tu ndo ilikosekana. Nikirudi Portland naanzia palepale.