Kumbukumbu ya mradi: aya mbili, miezi mitano

Jana usiku ile websaiti ya mteja wa vifaa vya ujenzi imeenda hewani, siamini. Kazi yenyewe iliisha zamani, wiki ya tatu tu menyu inafunguka vizuri kwenye simu, fomu inatuma meseji, kila kitu fresh, alafu tukakaa miezi mitano tunasubiri aya mbili za "Kuhusu Sisi". Na mkataba wangu unasema nusu advansi, nusu siku tovuti ikienda hewani, yaani hela yangu ilikuwa imelala ndani ya aya ambazo hazijaandikwa.

Kila wiki nauliza, "Bosi, yale maandishi vipi?" Jibu: "Kesho." Nikadhani ni dharau, nikanuna. Kumbe mzee wa watu hajui aandike nini, na mimi namwambia tu "nitumie maandishi" kama vile nimempa karatasi tupu ya mtihani. Nimegundua kwa bahati, nilimpigia kuhusu domeini, yaani anwani ya tovuti yake (imesajiliwa kwa jina la kijana aliyemtengenezea tovuti ya kwanza, hiyo ni vita nyingine), nikachomekea swali, hivi mteja wako wa kwanza kabisa ulimpataje? Akaongea dakika ishirini bila kupumua na mi naandika. Nikazipanga aya mbili nikamtumia: soma, palipokosewa rekebisha. Saa moja haijaisha zimerudi, kafuta mistari mitatu na kuongeza minne. Mtu aliyeshindwa kuandika sentensi moja ana maoni makali sana kuhusu sentensi ya mwenzake!

Nilikuwa nimemwekea rasimu kwenye Figma (programu ya kuchora muonekano wa tovuti) akomenti humo, wapi. Figma naipenda kwa kazi yangu mwenyewe, ila mteja akishaambiwa afungue akaunti ndo aweke komenti, anakutumia voisi noti saba za "pale juu, ile ya bluu", na bluu ziko tatu. Google Docs moja tu ya maandishi, basi, na skrinshoti zenye namba kwa mambo ya muonekano.

Mkataba nao nimeubadilisha: nusu ya pili inalipwa siku 14 baada ya mimi kukabidhi linki ya majaribio, maandishi yawe yamekuja au hayajaja. Mwenzangu anasema tutakimbiza wateja. Labda, lakini wa kukaa miezi mitano acha wakimbie.

Wiki hii nilipanga nisafishe templeti ya invoisi, nimeiacha, niko kwenye orodha ya maswali ya kumhoji mteja mpya siku ya kwanza. Yamefika kumi na moja, mengi bado ya kizembe. "Maono yenu ni yapi" nimelifuta, halijawahi kunipa jibu la maana.

Aisee, ngoja kwanza, sijatoa ile tiki ya WordPress (mfumo unaoendesha tovuti) ya kuzuia Google isiionyeshe tovuti. Narudi.