Lantana haikatwi, hung'olewa: tulivyoukinga mtaa wetu na moto wa Menengai

Kuna rundo moja ambalo sitalisahau. Lilinizidi kimo, limekaa kati ya ua wangu na msitu, na tulilijenga sisi wenyewe kwa Jumamosi tatu mfululizo, tukipongezana. Nyumba yangu iko kwenye mteremko wa Menengai, mlima wa volkano, upande wa mji wa Nakuru. Ukitokea mlango wa nyuma, hatua mia moja hivi, unaingia kwenye mikaratusi. Hapo katikati palikuwa na lantana tupu.

Lantana unaijua hata kama hujui jina lake. Vimaua vya manjano na waridi kwenye kichwa kimoja, matunda meusi ambayo ndege hawayaachi, majani yanayokwaruza na kunuka ukiyafikicha. Asili yake ni Amerika ya joto. Watu waliisambaza kama ua la kupamba, ndege wakamalizia kazi. Kwetu ilikuwa imeparamia hadi matawi ya chini ya miti. Mwezi wa kwanza na wa pili, jua likichoma, ndani ya kichaka kile vijiti vikavu hulala chini ya vibichi, na moto wa nyasi ukifika hapo hupata ngazi ya kupandia hadi kileleni.

Sasa, ushauri tuliopewa. Kila mtu, hadi watu waliosomea mambo ya shamba, alituambia neno lile lile: kateni kwa panga, iacheni ikauke, mchome. Tukakata. Tulikuwa watu kumi na wanane hivi, akina mama wa chama chetu na vijana wa boda boda wa stejini. Tulikata chini kabisa, sentimita chache kutoka ardhini, pakabaki safi kama uwanja wa mpira. Matawi tukayalundika kando ya ua tukisema tutayachoma siku ya utulivu.

Siku hiyo haikufika. Mwezi wa pili, mchana wa saa nane, mtu wa mtaa wetu alikuwa anachoma takataka nyuma ya nyumba yake kama tulivyozoea wote. Upepo ukanyanyua karatasi inayowaka, nikaiona kwa macho yangu ikipepea kama kipepeo mweusi mwenye ukingo mwekundu, ikatua kwenye rundo letu. Sikuwahi kusikia kitu kikiwaka kwa sauti ile. Lilipasuka kama mahindi kwenye sufuria. Moto ukipanda mlima hukimbia kuliko ukishuka, kwa hiyo ulielekea juu, msituni, na tulikimbizana nao hadi jioni pamoja na askari wa misitu, tukiupiga kwa matawi mabichi. Ua wangu wote uliisha. Banda la kuku la jirani likaisha. Nililala na nguo zinazonuka moshi, nikijua msitu haukutuchoma sisi. Sisi ndio tuliouchoma.

Na mvua za mwezi wa tatu ziliponyesha, visiki tulivyovikata vizuri vile vikatoa machipukizi. Kisiki kimoja nilihesabu kumi na moja. Tulikuwa tumeipogoa, basi.

Mwaka uliofuata tulianza upya, na nilikataa katakata kushika panga kabla ya ruhusa. Ardhi ya juu ya ua ni ya msitu wa serikali, iko chini ya KFS, shirika la misitu la Kenya, na huwezi kuingia kukata kitu kwa sababu tu una nia njema. Sheria ya misitu ya 2016 inaipa jamii nafasi ya kujiunga katika chama na kushirikiana na shirika katika kuutunza msitu, kwa hiyo tulipitia huko. Ofisi moja ilituzungusha karibu mwezi mzima, leo njoo kesho, kesho bosi hayupo. Msichoke. Mwisho tulipata barua, na askari mmoja wa kutusindikiza kila Jumamosi, na huyo alitusaidia kuliko nilivyotarajia.

Alianza kutusaidia siku ile ile ya kwanza, maana vijana walishaanza kuufyeka mleleshwa. Kwao kila kichaka ni adui. Askari akawasimamisha, akachuma jani, akaligeuza wauone upande wa chini ulivyo mweupe, akalifikicha wanuse ile harufu ya kafuri. Mleleshwa ni wa hapa hapa, mizizi yake ndiyo inashika udongo wa mteremko huu. Ni kweli unashika moto haraka, majani yana mafuta, lakini dawa yake ni kupunguza matawi ya chini na kuondoa nyasi kavu zilizouzunguka. Usiung'oe.

Hata hivyo aliyetuokoa hasa ni shosho mmoja anayeishi kule chini, ambaye ameokota kuni Menengai tangu ujana wake. Alipita na mzigo mgongoni, akatukuta tumeinama tunakata lantana chini kabisa kama mwaka uliopita. Akasimama kututazama.

"Mwanangu," akaniambia, "ukimkata ng'ombe pembe zote, utamshika wapi?"

Sikumwelewa. Akautua mzigo, akachukua panga mkononi mwangu, akakata shina moja kwa urefu wa kiuno chake. Kisha akaomba jembe. Akachimba upande mmoja tu, kiasi cha kiganja na nusu, hadi mizizi ya pembeni ikaonekana, myeupe-njano, akaikata miwili. Halafu akalishika lile shina kama mpini, akalivuta kwake, akalisukuma, akalivuta, akalizungusha. Ilisikika ardhini sauti ya kitambaa kizee kinachoraruka. Akaining'iniza mkononi lantana nzima, pamoja na kile kifundo kinene kati ya shina na mzizi ambapo machipukizi hutokea. "Hiki ndicho kinachorudi," akasema. "Shina halikusumbui."

Alikuwa na umri wa mama yangu na hakuhema.

Tangu hapo kazi ilibadilika. Tulikuwa tunasubiri mvua fupi za Novemba, tunaingia siku moja au mbili baada ya kunyesha, maana udongo wetu ni wa majivu ya volkano, ukilowa unaachia mizizi. Ukikauka utavunja mpini wa jembe bure. Visiki vikubwa tulivifunga kamba, tukapitisha mtarimbo chini, wawili wanakandamiza, wanne wanavuta. Kamba ilikuwa mia nne na kitu, glavu za ngozi kama mia mbili kila jozi, na hapo usibane pesa kwa sababu shina la lantana lina vimiiba na glavu za kitambaa hazimalizi asubuhi. Tulianza saa moja, saa nne tumemaliza, tunakunywa uji.

Rundo ndilo nililoliapia. Hakuna rundo tena. Kila aliyekuja kung'oa aliondoka na mzigo wa mashina kwenda kuyafanya kuni, na waliokuwa mbali nikawalipia tuktuk. Mizizi tuliilaza juu ya mawe ikitazama jua. Matawi yenye matunda tuliyatia kwenye magunia papo hapo, maana ukiyaburura unapanda mbegu njia nzima. Na majani yasifike kwa mifugo! Jirani mmoja alitaka kumpelekea ng'ombe wake nikamzuia langoni. Lantana huharibu ini la ng'ombe, na jua likimpiga baadaye ngozi inachubuka.

Tulipata ukanda mtupu, usio na kichaka, wa upana wa mita kama kumi na tano, kwa urefu wa nyumba ishirini na kitu. Tukakusanya kwa reki magome ya mikaratusi, yale yanayoning'inia kama matambara na kurushwa na upepo yakiwaka, na kila nyumba ikatoa majani kwenye gata. Gata yangu ilijaza magunia mawili. Uchomaji wa takataka tukaupiga marufuku kiangazi chote, na mzee wa nyumba kumi alisimamia hilo bila kuogopa sura ya mtu. Upande wa chini wa ukanda, ndani ya viwanja vyetu, tulipanda viazi vitamu. Marando yake yanafunika ardhi, na ukiyamwagilia maji ya kuoshea vyombo yanabaki mabichi wakati nyasi zote zimekuwa za kahawia.

Februari hii moto ulikuja kutoka juu. Saa tisa mchana tuliona moshi, saa kumi ulikuwa kwenye mikaratusi, ndimi zake zinanipita kimo. Nilisimama kwenye marando ya viazi na ndoo yangu, magoti yananitetemeka. Ulipotoka msituni ukafika ukingo wa ukanda, ukashuka. Kwanza kiunoni, kisha magotini, kisha ukawa kitu cha kuvuka kwa hatua, unatafuta majani mafupi na kuyakosa. Vijana waliupiga kwa matawi hadi ukafa. Cheche zilianguka juu ya mabati yangu, nikazisikia zikigonga, na gata haikuwa na cha kuzipa. Hakuna nyumba iliyoungua. Nilimtafuta shosho kwenye ule umati, nikamkuta amekaa juu ya mtungi wake wa maji, nikapiga magoti nikamshika mikono, na sikuweza kusema kitu.

Mvua zimeanza wiki iliyopita. Jana asubuhi nilipita kwenye ukanda nikaona miche ya lantana, mamia, kila mmoja na majani mawili manne, kutoka kwenye mbegu zilizokuwa zimelala ardhini. Kwa sasa inang'oka kwa vidole viwili. Jumamosi saa moja tunaanzia kwangu, na watoto wakija waje na ndoo ndogo.