Mlima ulioshuka siku ya jua

Nilichagua Jumanne kwa sababu ya jua. Dada yangu ameolewa Lushoto, kwenye milima ya Usambara, na wiki nzima kila aliponipigia simu nilikuwa nasikia zaidi mvua inavyopiga bati lake kuliko sauti yake. Jumatatu jioni akasema imekatika, mawingu yamepanda, njoo. Ilikuwa mwisho wa Novemba 2023, vuli ile ya El Nino ambayo watu wa hali ya hewa walishatutangazia mapema kwamba itazidi kawaida.

Dar hadi Mombo sina la kusimulia, ila kwamba tiketi iliandikwa 20,000 nikalipa 25,000, na siti yenyewe ilikuwa juu ya tairi, magoti kifuani saa sita nzima. Mombo tukaacha lami kuu tukaanza kupanda. Kona baada ya kona, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo. Tukiwa hatujafika Soni, basi likasimama.

Mbele yetu magari kama kumi na tano. Mbele ya magari, udongo mwekundu umelala barabara nzima na kumwagikia bondeni. Katikati ya lundo lile umesimama mgrevilea mzimamzima, wima, majani yake mabichi hayajanyauka hata moja. Haukuanguka. Ulishuka na shamba lake, mizizi ikiwa bado imekumbatia udongo wake, ukaja kusimama barabarani. Niliuangalia mti ule muda mrefu. Juu kulikuwa na anga la buluu, jua linachoma shingo, na mimi najiuliza mlima unaangukaje siku kama hii.

Kulikuwa na mzee mmoja ameketi juu ya gunia lake la karoti anasubiri kama sisi. Nikamwamkia, akaitikia, nikamuuliza swali langu hilohilo.

"Mvua ya leo haiangushi mlima, mwanangu," akasema. "Inayoangusha ni ya juzi, na ya siku zile za nyuma. Njoo uone."

Tukasogea hadi pembeni, pale kilima kilipomeguka, ila akanizuia nisikaribie sana chini yake. Kwa ncha ya panga akanionyesha. Juu kabisa udongo mweusi, umejaa vizizi kama nywele. Chini yake udongo mwekundu, kina kinachozidi kimo changu. Halafu ghafla rangi inabadilika: mwamba uliooza, wa kijivu na njano, wenye chembe za ulanga zinazometa. Na pale hasa, kwenye mstari ambapo wekundu unakutana na mwamba, maji yalikuwa yanatoka. Si kwa kububujika, yalikuwa yanajikamua taratibu, tone kwa tone, mstari mzima. Kwenye kipande kilichodondoka cha mpaka ule nikapitisha kidole. Baridi, na utelezi wa sabuni.

Kwangu mimi mvua na maporomoko vilikuwa kitu kimoja: ikinyesha sana mlima unaanguka, ikikatika umesalimika. Kumbe maji yanahitaji safari yake. Yanazama kidogo kidogo, siku ya kwanza, ya tatu, ya saba, hadi yanakuta mwamba usioyapitisha, yanatuama. Udongo wenye unyevu kiasi hushikana, chembe zinavutana. Ukijaa, maji yaliyobanwa katikati yanazisukuma chembe ziachane, na hapohapo mzigo wote unazidi kuwa mzito. Kinachobaki kuushikilia mteremko ni msuguano tu, nao maji yameshaula. Ndiyo maana mlima unaweza kuvumilia usiku wa radi na kukatika kesho yake watu wameanika nguo.

Mzee alitenganisha aina mbili. Mvua ya ghafla, nzito ya saa moja, alisema inachuna ngozi: inashusha kile cha juu, palepale inaponyesha. Mvua ya siku nyingi ndiyo inang'oa nyama. Na mbaya kuliko zote ni zikifuatana, udongo umeshashiba halafu inakuja moja kubwa juu yake. Akaongeza kitu ambacho sikukitarajia, kwamba kiangazi kirefu nacho kina mkono wake. Miaka mitatu kabla ya hapo vuli zilikuwa mbovu, ardhi ilipasuka nyufa, na sasa maji hayakuhangaika kuzama polepole, yalikuta milango wazi.

Barabara nayo, akasema, imeukata mlima mguu. Hilo halikuhitaji maelezo.

Tulikaa pale saa tano. Vijana walianza kuvusha watu juu ya tope kwa 2,000 kila kichwa, na boda zilizokuwa ng'ambo zikataka 15,000 hadi Lushoto. Iliniuma sana, kuna akina mama pale walikuwa na mzigo wa sokoni ambao wote haufiki fedha hizo. Mzee hakuvuka. Vijiwe vidogo vilikuwa bado vinadondoka kutoka juu, kimoja kimoja, na alisema vikidondoka hivyo mlima bado haujamaliza. Nikabaki naye. Katapila lilikuja saa kumi jioni, na mgrevilea ule ukasukumwa korongoni.

Kabla hatujaachana nilimuuliza mtu anajuaje. Akahesabu kwa vidole: ufa mpya shambani juu ya nyumba, miti iliyokuwa wima inaanza kuinama, mlango uliokuwa unafunga vizuri unagoma, chemchemi inatokea pasipokuwa na maji, au ya zamani inageuka rangi.

Lushoto nilikaa siku mbili na nusu. Baridi, blanketi mbili. Ninachokikumbuka ni ukuta wa nyuma wa jiko la dada yangu. Shemeji alichimba mlima apate uwanja wa kujenga, kwa hiyo ukitoka jikoni unakutana na udongo mwekundu uliokatwa wima, hatua mbili tu kutoka mlangoni, na chini yake kuna kijito wanachochotea maji ya kuoshea vyombo. Nilisimama pale asubuhi zote nikitafuta mstari ule. Nilimwambia shemeji. Hakukasirika, akasema babu yake aliishi mteremko huohuo, lakini Alhamisi mchana nilimkuta huko juu na jembe, anachimba mfereji wa kuyapeleka maji pembeni.

Nilirudi Dar Ijumaa. Jumapili, tarehe 3 Desemba, habari za Hanang zikaingia. Kipande cha mlima kilikatika kikaja na tope, mawe na magogo hadi Katesh, kikapita mitaani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Serikali ilieleza kwamba haikuwa volkano: miamba dhaifu ilikunywa maji hadi ikashindwa kujibeba. Nilitazama picha zile, magogo yamelala dukani, na kitu pekee nilichokuwa nakiona ni ule mstari wa maji, tone kwa tone.

Mwaka ule Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko kawaida, na mvua zikatufuata. Hewa ikizidi joto kwa nyuzi 1 inabeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na kinachobebwa kina siku yake ya kumwagwa. Sisi wa Dar tunayajua mafuriko. Kwenye bonde letu la Jangwani maji yanapanda kutoka chini, unayaona ngazi ya kwanza, ya pili, unapandisha godoro juu ya kabati, unabeba watoto. Huko mlimani hakuna muda wa godoro.

Jumapili ileile usiku nilimpigia dada. Mvua?

"Imekatika tangu asubuhi. Leo tumeanika."

"Kile kijito cha nyuma ya jiko, maji yake meupe au mekundu?"

Akacheka, akaona sijacheka. Nikasikia mlango wa jiko, kandambili kwenye tope, tochi ya simu inabofywa. Kimya kirefu.

"Meupe," akasema. "Ila yamekuwa mengi."

Nikamwomba aniitie shemeji kwenye simu, na watoto usiku ule walale chumba cha mbele.